Mama Kamba na Shati Lisilofuliwa

Mama Kamba hakuwahi kuuza kamba maishani mwake. Jina hilo alipewa na wanawake wa mtaani, kwa utani, kwa sababu alikuwa hawezi kupita nyuma ya nyumba ya mtu bila kusimama kidogo na kutazama nguo zilizoanikwa. Mwanzoni walimwita hivyo akiwa hayupo. Alipolisikia akalipenda, akaanza hata kujitambulisha nalo, na utani ukafa papo hapo, maana utamtaniaje mtu kwa jina analoliitikia kwa furaha?

Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo madaktari hawajui hata mlango wake uko wapi. Huko ndiko alikojifunza kusoma nguo. Shuka lilimweleza kama mgonjwa alilala au aligaagaa. Foronya ilimweleza nani alikuwa analia. Wauguzi walishuka kumwuliza habari za wagonjwa wao wenyewe, naye akawajibu huku anakamua, bila kuinua kichwa.

Alipostaafu alikaa nyumbani wiki mbili tu. Siku alipoyashusha mapazia kuyafua tena, na bado yalikuwa yanadondosha maji ya jana, mumewe alimwomba kwa heshima zote atafute shughuli. "Mama watoto," alisema, "nyumba hii ni safi. Hata mimi naogopa kukaa." Ndipo akajiunga na Bega kwa Bega.

Bega kwa Bega ni kikundi cha majirani thelathini na kitu, wenye chumba kimoja nyuma ya duka la fundi vioo. Chumbani mna rafu tatu, mizani, viti visivyofanana, na harufu ya sabuni ya mche iliyochanganyika na unga. Kila mwenye nafasi analeta alichonacho, na kila Ijumaa jioni wanachama wanakaa kuamua vifurushi viende nyumba gani: aliyeachishwa kazi, aliyefiwa, aliyeugua. Kazi ngumu ilikuwa kuwajua hao. Watu wa mtaa ule hawasemi. Mtu amelala na njaa, ukimsalimia anakujibu salama, tena anakuuliza wewe habari za watoto wako na kama mvua ilikuharibia paa. Kwa hiyo kikundi kiliweka utaratibu wake: hakuna kupiga hodi kwa mtu na kumwuliza shida zake. Unatazama, unathibitisha, unapeleka. Na macho ya kutazama yakawa ya Mama Kamba.

Usifanye mchezo na macho yale. Sare ya shule ikianikwa kila jioni, ujue mtoto ana moja tu. Mashuka yakikosekana kambani mwezi mzima, sabuni imekwisha, au shuka lenyewe limeuzwa. Kuna mwashi aliyefukuzwa kazi akaendelea kuondoka nyumbani kila asubuhi na beleshi lake, na mkewe hakujua lolote. Mama Kamba alijua. "Ovaroli yake haina saruji, wiki ya pili hii," aliwaambia wenzake. "Yule anashinda amekaa mahali." Kifurushi kilifika kwa mwashi kabla mwashi hajapata ujasiri wa kusema.

Kichwa kilimvimba, tuseme ukweli. Miaka minne hakukosea hata mara moja, na mtu asiyekosea miaka minne huanza kuamini kwamba hajui kukosea. Mwenyekiti, dereva mstaafu wa malori mwenye sauti ya kuitia abiria ingawa hakuwahi kubeba abiria, alikuwa akisoma orodha ya nyumba, na kwa kila nyumba aligeuka kumtazama yeye. Akitikisa kichwa, nyumba inarukwa. Akiinua kidole, inaandikwa.

Nyumba ya fundi cherehani ilisomwa Ijumaa tatu mfululizo.

"Sisikii cherehani yake siku hizi," mwenyekiti alisema mara ya kwanza.

"Kazi amehamishia sokoni, mkewe kaniambia," akajibu Mama Kamba. "Kamba yao imejaa kila siku. Nyumba ile iko sawa."

Mara ya pili akajibu kwa kifupi zaidi. Mara ya tatu alitikisa kichwa tu, tena kwa namna ya mtu anayechoshwa. Mke wa fundi alikuwa rafiki yake tangu wote wawili wakiwa wachumba wa watu. Nani angemfundisha habari za nyumba ile? Kweli, siku hizi kila akipita humkuta rafiki yake amesimama langoni, yuko mbioni kutoka, samahani dada, tutaongea. Lakini kambani palikuwa na shati jeupe, mashuka mawili, gauni, taulo, kila siku ya Mungu. Nyumba inayofua kila siku ina maji, ina sabuni na ina mtu mwenye nguvu. Alilala usingizi wake bila wasiwasi.

Alhamisi moja adhuhuri mvua ilikuja bila kubisha. Mtaa mzima ulitoka mbio kuanua nguo, watu wakigongana na mabeseni. Mama Kamba, aliyekuwa anarudi kwake na mwavuli usiofunguka, aliona kamba moja tu haina mtu: ya fundi. Mtu aliyefua mashuka ya watu miaka thelathini na mmoja hawezi kuacha nguo safi zinyeshewe, awe nani mwenye nguo. Alisukuma lango, akaingia uani, akaanza kuzivuta moja moja na kuzikumbatia kifuani.

Shati jeupe lilimgusa kidevuni. Akaliona kwa karibu.

Kwenye kola palikuwa na mstari mweusi wa jasho, wa siku nyingi, umekauka na kuloa na kukauka tena. Akalinusa. Sabuni haikuwamo hata kidogo. Akashika shuka, akalifikicha kati ya vidole viwili, likatoa maji ya vumbi. Taulo hivyo hivyo. Gauni hivyo hivyo. Nguo zote zile zilikuwa zimechovywa kwenye maji na kuanikwa, kesho zikachovywa tena, wiki baada ya wiki. Zililoweshwa, hazikufuliwa.

Alisimama na mvua ikimpiga mgongoni. Kwanza alikasirika, kwa sababu alikuwa amefanywa mjinga. Kisha akakumbuka Ijumaa tatu, na ile namna yake ya kutikisa kichwa, na hasira ikamgeukia mwenyewe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mke wa fundi alimkuta barazani, amekaa na furushi la nguo mapajani. Alikuwa ametoka kuchota maji. Aliitua ndoo polepole.

"Tangu lini?" akauliza Mama Kamba.

"Dada, ingia ndani, unaloa."

"Nimeshaloa. Tangu lini?"

"Miezi mitatu." Mwanamke alijifuta uso kwa mkono. "Kila mtu anajua unavyopita na kutazama. Nikasema, kama dada anataka kusoma, basi nimwandikie cha kusoma."

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema Mama Kamba, "na mimi nikang'aa." Wakacheka wote wawili kidogo, kicheko kibaya kisichofika mbali, kisha rafiki yake akalia.

Ndani, fundi alikuwa ameinamia cherehani yake. Alikuwa anafungua skrubu zinazoshika kichwa cha mashine kwenye meza, na alizitafuta kwa ncha za vidole, uso ameuelekeza ukutani. Meza ile Mama Kamba aliijua: ilikuwa na alama ya pasi pembeni na futi ya kupimia iliyopigiliwa misumari, namba zake zimefutika kwa miaka arobaini ya viwiko.

"Nani huyo?" fundi akauliza.

Mama Kamba alikuwa hatua mbili mbele yake. Akamtazama vizuri, akaona weupe kwenye mboni za macho yote mawili.

"Ni mimi, shemeji."

"Ah. Shemeji." Akaacha bisibisi. "Basi umeshajua."

Ilianza, alieleza, kwa mkono wa koti alioushona ndani nje. Akacheka, akafumua, akashona upya. Kisha pindo la gauni la mteja likaenda upande upande. Kisha tundu la sindano likapotea kabisa, mkewe akawa ndiye anayetunga uzi. Wateja wakapungua bila kusema neno. Mtu anapita tu na kitambaa chake kwapani. Naye akanyamaza, akajifanya amehamia sokoni, kwa sababu fundi akijulikana haoni, hata macho yakirudi vitambaa havirudi. Keshokutwa Jumamosi asubuhi atakuja mnunuzi wa cherehani. Pesa yake ndiyo itakuwa chakula cha miezi michache.

"Na baada ya hiyo miezi michache?"

"Baada ya hapo Mungu yupo."

"Yupo, lakini hashoni nguo za watu," akasema Mama Kamba. "Shemeji, ugonjwa huo ni mtoto wa jicho. Unatolewa. Daktari wa macho yupo pale hospitali kila Jumanne, na nesi wa kliniki ile nimemfulia sare tangu akiwa mwanafunzi. Ukiuza mashine leo, macho yakarudi wiki ijayo, utashonea nini? Kidole?"

Fundi hakucheka. "Mimi si mtu wa kubebewa kifurushi. Niache na yangu."

Alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni, na wala hakuwa na haja ya kuazima tai, alizishona mwenyewe. Mama Kamba aliondoka amelowa chapachapa, akiwa na hakika ya jambo moja tu: cherehani ile ikitoka mlangoni Jumamosi, fundi hatakwenda hospitali Jumanne. Mtu aliyeuza mikono yake haoni sababu ya kutafuta macho.

Ijumaa jioni hakungoja orodha isomwe. Alisimama, akavuta gauni lake vizuri, akapiga moyo konde.

"Nimekosea," alisema. "Nyumba ya fundi cherehani. Mara tatu mmeniuliza, mara tatu nimesema iko sawa. Haiko sawa. Watu wale wana njaa miezi mitatu, fundi ana mtoto wa jicho na kesho anauza cherehani, na mimi ndiye niliyewaruka."

Fundi vioo alitazama viatu vyake. Mwenyekiti alikohoa kile kikohozi cha mtu anayetafuta gia.

"Sasa, mama," alianza, "kila mtu hapa hukosea..."

"Usinibembeleze, mwenyekiti. Kama ungekosea wewe, ningekupa vidonge vyako hapa hapa mbele ya watu." Hapo wakacheka, hewa ikarudi. "Kuanzia leo kamba peke yake haitoshi. Mtu akisomwa mara mbili, tutamwendea kumjulia hali, tutaingia ndani na kukaa chini. Nimemaliza kujilaumu. Tufanye kazi."

Na kazi ikafanyika. Kifurushi kilitoka jioni ile ile: unga, mchele, mafuta, maharage, na sabuni miche minne ambayo Mama Kamba aliichagua mwenyewe. Matibabu, kikundi kikaamua, yatasimamiwa na kikundi. Mwenyekiti akajitolea gari na yeye mwenyewe kama dereva. Mmoja akatoa wazo kwamba waichukue cherehani wao, waifungie chumbani kwa usalama, ili fundi asipate cha kuuza.

"Hapana," akasema Mama Kamba. "Tukimnyang'anya ili tumsaidie, tofauti yetu na mnunuzi ni nini? Mashine ina mwenyewe. Atakataa mwenyewe kuiuza, au ataiuza."

"Na akiiuza?"

"Hataiuza," alisema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko alivyoamini.

Jumamosi alifika mapema, akakuta kichwa cha cherehani kimeshafungwa ndani ya blanketi, kiko karibu na mlango. Kifurushi kilikuwa mezani, kimefunguliwa. Mke wa fundi alikuwa jikoni. Chungu kilikuwa kinachemka, na mlio wake ulisikika nyumba nzima.

Mama Kamba alivuta kigoda, akakaa mbele ya fundi, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Shemeji, sema kweli. Hukatai kwa sababu ya kifurushi."

Vidole vya fundi vilipapasa ukingo wa meza, kwenye ile futi isiyo na namba.

"Sasa hivi naona mwanga," akasema. "Naona mtu akipita dirishani. Simjui ni nani, lakini najua ni mtu. Wakinikata, na hicho kidogo ninachokiona kikaondoka? Naogopa. Haya, nimesema. Mzee mzima, naogopa."

"Mimi pia ningeogopa."

"Basi."

"Basi nini? Nisikilize." Alimshika mkono. "Miaka thelathini na mmoja nimefua mashuka ya hospitali ile. Kuna wodi ambazo mashuka yake nilikuwa nayaogopa kuyafungua. Ya wodi ya macho yalikuwa yanakuja yamekunjwa. Unanielewa? Watu wanaingia wameshikwa mkono, kesho yake wanaamka, wanatandika vitanda vyao wenyewe, wanakunja shuka pembe kwa pembe, kwa sababu wanaziona pembe. Sijawahi kuona wodi nyingine wagonjwa wanafanya hivyo."

"Wote?"

Angeweza kusema wote. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Si wote," alisema. "Wapo ambao haikufaa, wachache. Sikudanganyi, nimechoka na kudanganyana wiki hii. Lakini nitakuwa nimekaa nje ya mlango ule Jumanne, na ukitoka huoni, utanitukana mimi mpaka nife."

Fundi akapumua kwa pua, karibu acheke. "Na utakufa lini, shemeji, nijue nitatukana kwa muda gani?"

"Mimi? Nina mapazia ya kufua."

Mlango ulibishwa. Mnunuzi alikuwa mtu mwungwana, wa makamo, mwenye mkokoteni nje na kamba ya kufungia mzigo mkononi. Alisalimia wote vizuri. Hakuwa na kosa lolote, na ndiyo maana Mama Kamba alishindwa hata kumchukia. Mke wa fundi alitoka jikoni akasimama, mwiko mkononi.

"Mzee, nimekuja," akasema mnunuzi. "Mashine ipo?"

Mama Kamba alifunga mdomo wake. Wanaomjua watakwambia hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Alitazama sakafu, akahesabu nyufa za saruji.

Fundi aliinuka. Alipapasa hewa mpaka mkono ukalifikia lile blanketi, akaweka kiganja juu yake.

"Ipo," alisema. "Na mwenyewe yupo. Nisamehe, mwanangu, nimekusumbua bure. Siuzi."

Mnunuzi alitazama macho ya mzee, akatazama wanawake wawili, akaelewa zaidi ya alivyoambiwa. Alikizungusha kile kipande cha kamba mkononi, akawatakia siku njema, akaondoka na mkokoteni mtupu. Mke wa fundi alirudi jikoni haraka, maana chungu kilikuwa kinafurika.

Jumanne mwenyekiti aliwaendesha kwa mwendo wa gari la maiti, akipunguza mwendo kwenye kila tuta na kutangaza tuta lijalo. Nesi wa kliniki alimpokea Mama Kamba kwa kelele, akamkumbatia, kisha akageuka kuwa mtu wa kazi, akamchukua fundi kwa kiwiko. Jicho la kulia kwanza, alieleza, la kushoto baada ya wiki kadhaa. Mama Kamba alikaa nje ya mlango kama alivyoahidi. Mke wa fundi alikaa kando yake. Mama Kamba alisema, "Nilitazama nguo zako, sikukutazama wewe. Nisamehe." Mwenzake akamjibu, "Na mimi nilikufungia lango. Tumelipana." Wakashikana mikono mpaka mlango ulipofunguliwa.

Bandeji iliondolewa asubuhi iliyofuata, wodini, saa tatu, jua limeingia hadi nusu ya chumba. Nesi aliifungua taratibu, akasafisha kope, akamwambia fundi afumbue jicho bila haraka.

Alilifumbua. Machozi yakamtoka kwa sababu ya mwanga. Alitazama dari, akatazama dirisha, kisha mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma, akifungua na kufunga vidole.

"Shemeji," akasema, "kumbe umezeeka hivi."

Mama Kamba alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, nesi akashtuka. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, wala hakujali nani anamwona. Mwenyekiti, mlangoni, alitangaza kwa wodi nzima kwamba mzee anaona.

Lakini fundi alikuwa ameshageuka upande wa pili wa kitanda, na uso wake ulikuwa umebadilika. Mkewe alikuwa amesimama pale na mikono ameikunja tumboni, anatabasamu. Fundi alimtazama kuanzia mabega mpaka chini, polepole, kwa jicho la mtu aliyepima watu miaka arobaini. Alinyoosha mkono, akashika gauni lake begani kwa vidole viwili, akalivuta. Kitambaa kilikuja chote, bega likabaki nyuma.

"Kila siku ulikuwa unaniambia umeshakula," alisema.

Mkewe aliinamisha uso.

"Kila siku. Nakuuliza, unasema nimekula kabla yako, baba. Na mimi nakula." Akakibana kitambaa kati ya vidole. "Gauni hili nililikata mimi. Lilikukaa sawasawa. Siku nitakayoruhusiwa kushika sindano, nitalipunguza hili kwanza, kabla sijagusa kazi ya mtu yeyote."

Mkewe aliutoa mkono wa mumewe begani, lakini hakuuachia.

"Usilipunguze," alisema. "Nitalijaza."